Goti limelegea: tulipime kwa mikono, kwa MRI au kwa vihisi vya kuvaa?

Mchezaji akichanika ligamenti msalaba ya mbele ya goti, kamba ya ndani inayofunga mfupa wa paja na wa muundi, ile ambayo wachezaji na watangazaji wote wanaiita ACL, maswali huja matatu, na kila moja lina wakati wake. Siku ya kwanza: imechanika au haijachanika? Wiki chache baadaye: goti limelegea kiasi gani, na je, linahitaji upasuaji? Miezi kadhaa mbele: mguu uko tayari kurudi uwanjani? Vifaa vya kupimia ni vingi, na wauzaji wengi hunadi chao kana kwamba kinajibu yote matatu. Kifaa cha namna hiyo hakipo. Ulinganisho huu nimewaandikia watu wa fiziotherapia, madaktari wa timu na wachezaji wanaotaka kujua pesa yao iende wapi. Nitakaa zaidi kwenye vihisi vya mwendo vya kuvaa, kwa sababu ndivyo vinavyotangazwa sana siku hizi na ndivyo vinavyoeleweka vibaya kuliko vyote.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa swali la kwanza, kihisi cha kuvaa hakina msaada. Kwa swali la pili kinasaidia kiasi, endapo anayepima ana mkono uliofundishwa. Ni kwenye swali la tatu ndipo kinaporudisha gharama yake.

Kilichomo ndani ya kihisi

Ndani ya kile kiboksi kidogo kinachofungwa kwa mkanda pajani au kwenye muundi mna vipimio viwili au vitatu. Akselerometa hupima jinsi kasi inavyobadilika, jairoskopu hupima kasi ya kuzunguka, na baadhi ya vihisi huongezewa magnetometa inayofanya kazi ya dira. Simu nyingi za kisasa zinabeba vyote vitatu. Programu huchukua namba hizo, ikazichanganya, ikakokotoa pembe ya goti au nguvu ya mshtuko mguu unapotua.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiona ligamenti. Kinachosomwa ni mwendo wa mkanda uliokaa juu ya ngozi, na ngozi imekaa juu ya misuli na mafuta yanayotikisika. Mfupa uko ndani zaidi. Kila utakachosoma hapa chini kuhusu ubora na udhaifu wa vihisi kimetokana na umbali huo mdogo kati ya mkanda na mfupa.

Siku ya kwanza: mikono

Taarifa za kukusaidia huanza kwa mchezaji mwenyewe. Alikuwa anakimbia, akafunga breki au akageuka ghafla, mara nyingi bila kuguswa na mtu. Akasikia goti limelia ndani. Hakuweza kuendelea na mechi, na ndani ya saa chache goti likajaa. Goti linalojaa upesi hivyo limejaa damu, na sababu inayoongoza ya damu hiyo kwa mwanamichezo ni kuchanika kwa ACL. Ukimsikiliza vizuri, nusu ya kazi imeshafanyika kabla hujamgusa.

Kisha kipimo cha Lachman. Kilielezwa kwa maandishi mwaka 1976 na Joseph Torg na wenzake wa Philadelphia, wakakipa jina la daktari John Lachman. Mgonjwa analala chali, goti linakunjwa nyuzi 20 hadi 30. Mkono wako mmoja unabana paja juu kidogo ya goti, mwingine unashika muundi kwa nyuma, kidole gumba kikiwa juu ya kile kinundu cha mbele. Vuta muundi mbele. Kwenye goti zima, yaani lisiloumia, utatoka kidogo kisha utagota, kama kamba iliyolegea inapovutwa ikakaza. Kwenye goti lililochanika hakuna kugota: muundi unateleza na kuishia kwenye ulaini. Anza na mguu mzima kila mara, maana kuna watu waliozaliwa na magoti malegevu, na bila kuonja mguu mzima hutajua ulegevu wa kawaida wa mtu huyo ni upi. Kama mikono yako ni midogo na paja la mchezaji ni nene, ingiza goti lako au taulo lililokunjwa chini ya paja lake, mkono ubaki na kazi ya kuvuta tu.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na Benjaminse na wenzake yalikuta kwamba Lachman hukamata asilimia 85 ya waliochanika, na humtambua kwa usahihi ambaye hajachanika kwa asilimia 94. Kwa kipimo ambacho hakina gharama yoyote zaidi ya mafunzo, hiyo ni kazi kubwa. Mapitio hayohayo yalipima kipimo cha pivoti, ambacho nitakieleza baadaye: kikionyesha kuchanika, kiamini, kwa kuwa humtambua kwa usahihi ambaye hajachanika kwa asilimia 98. Lakini kilikamata asilimia 24 tu ya waliochanika. Mgonjwa mwenye maumivu hukaza misuli ya nyuma ya paja bila kutaka, na misuli hiyo hushikilia muundi usiruke.

Hapo ndipo unapoona kwa nini kihisi hakina kazi siku ya kwanza. Ukikifunga kwenye goti lililojaa na linalouma, kitakusomea namba kwa unadhifu kabisa, lakini namba hiyo itakuwa imepima misuli iliyokazwa. Kiache kwenye mkoba. Kama goti limekaza mno hata Lachman haisomeki, pumzisha mguu, rudia baada ya wiki moja au mbili uvimbe ukishapungua.

Kuhusu eksirei, kanuni za Ottawa za goti, zilizotengenezwa Kanada miaka ya 1990, zinakuonyesha nani anaihitaji: mwenye miaka 55 au zaidi, mwenye maumivu akiguswa kichwa cha mfupa mwembamba wa nje au kwenye pia ya goti peke yake, asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90, au asiyeweza kutembea hatua nne. Ikipigwa, tazama ukingo wa nje wa juu wa muundi. Kipande kidogo cha mfupa kilichonyofoka hapo, alichokieleza Mfaransa Paul Segond mwaka 1879, kwa kawaida huja na ACL iliyochanika.

Na jambo moja ambalo ni lazima nilitaje hata kama si la vifaa: msimkande kwa maji ya moto siku hizo za mwanzo, wala msimpeleke mtu wa kumvuta goti ili "lirudi". Goti lililojaa damu likikandwa kwa moto huzidi kujaa, na goti lenye gegedu iliyochanika likivutwa kwa nguvu linaweza kuharibika zaidi. Wako vijana wanaokuja kliniki wiki ya tatu wakiwa na goti bovu kuliko lilivyokuwa siku ya ajali, kwa sababu hiyo tu.

MRI: picha ya kilichokatika

MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inaionyesha ligamenti yenyewe, inaonyesha gegedu mbili za katikati ya goti zinazoitwa meniska, inaonyesha na michubuko ndani ya mfupa. Hakuna kihisi wala mkono unaoweza hayo. Kama daktari anafikiria upasuaji, au goti linakwama na halinyooki, MRI haina mbadala mzuri. Meniska iliyochanika na kujikunja ndani ya kiungo haitakiwi kusubiri, na ni MRI itakayoionyesha.

Udhaifu wake ni kwamba mgonjwa amelala kimya ndani ya mashine. Picha haikuambii goti linalegea kiasi gani mtu anapoweka uzito na kugeuka. Wapo wenye ACL iliyochanika kabisa kwenye picha ambao wanatembea na kufanya kazi zao bila goti kuponyoka, na wapo wenye mchaniko wa sehemu tu ambao goti linawaangusha kila wiki.

Kwa hiyo majibu ya MRI peke yake yasikupeleke kwenye chumba cha upasuaji. Utafiti wa KANON wa Uswidi, ulioanza kuchapishwa mwaka 2010, ulichukua watu wazima vijana 121 wenye ACL iliyochanika. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi, jingine likaanza na mazoezi na upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji baadaye. Baada ya miaka 5 karibu nusu ya kundi la pili walikuwa hawajapasuliwa, na matokeo ya makundi hayo mawili hayakuachana. Wachezaji wa kulipwa wa ngazi ya juu hawakuwemo, kwa hiyo usiutumie kumjibu mshambuliaji wa ligi kuu. Lakini kwa mwalimu, fundi au mchezaji wa mtaani, utafiti ule ni sababu nzuri ya kutokimbilia kisu.

Kwa huku kwetu kuna na swali la umbali na gharama. Mtu wa wilayani husafiri hadi jiji kubwa, analipa nauli, malazi na kipimo chenyewe. Akitumwa MRI wakati Lachman iko wazi, goti halikwami, na uamuzi ni kuanza mazoezi, amegharimika bure.

Mashine za milimita

Katikati ya mkono na kihisi kuna familia ya vifaa vinavyofungwa kwenye muundi na kusoma umesogea mbele milimita ngapi. Maarufu zaidi ni KT-1000, uliotokana na kazi ya Dale Daniel na wenzake wa San Diego miaka ya 1980. Unavuta kwa nguvu inayojulikana, unasoma milimita, unafanya vilevile kwa mguu mzima. Tofauti ya milimita 3 au zaidi kati ya miguu miwili huchukuliwa kuwa dalili ya kuchanika. Rolimeter ni nduguye aliye rahisi: hana umeme wala betri, ni chuma na kipimio tu. Wafaransa wana GNRB, mashine inayovuta yenyewe ili mkono wa mpimaji usiingize mambo yake.

Faida yake ni namba unayoweza kuiandika kwenye faili na kuilinganisha mwakani. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyosemwa: vinapima kusogea mbele tu. Goti la ACL haliwasumbui watu kwa kusogea mbele. Linawasumbua kwa kuponyoka wanapogeuka, na kugeuka kuna mzunguko ndani yake. Mwaka 2004 Kocher na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokwisha kurekebishwa ACL. Milimita za kifaa na hata Lachman hazikuendana na mgonjwa kuridhika na goti lake. Kipimo cha pivoti ndicho kilichoendana. Ukitaka kujua mtu ataishije na goti lake, lazima upime mzunguko.

Kihisi kwenye muundi, wakati wa pivoti

Pivoti ilielezwa na Galway na MacIntosh wa Kanada mwaka 1972. Mpimaji huinua mguu ulionyooka, huuzungusha kwa ndani, husukuma goti kutoka upande wa nje, kisha hulikunja taratibu. Bila ACL, upande wa nje wa muundi unakuwa umetangulia mbele; goti likifika kwenye nyuzi kati ya 20 na 40 hivi, muundi unaruka kurudi mahali pake. Mgonjwa akiuhisi mruko huo hushtuka na kusema ndivyo goti linavyomfanya uwanjani. Shida ni kuupa daraja. Mruko mdogo, wa kati, mkubwa: daktari mmoja ataandika moja, mwenzake ataandika mbili, goti ni lilelile.

Hapa kihisi kina hoja. Watafiti wa Bologna, Lopomo na Zaffagnini na wenzao, walifunga akselerometa moja kwenye muundi, kati ya kinundu cha mbele na kinundu cha nje, na kusoma jinsi kasi inavyobadilika wakati wa mruko. Kifaa kinachouzwa kwa jina la KiRA kimetokana na njia hiyo, na huongea na kishikwambi bila waya. Unapata namba ya mguu mbovu na ya mguu mzima, unatoa moja kwenye nyingine. Hakuna mnunurisho, hakuna sindano, na mguu mmoja unamalizika upesi.

Wana washindani wawili wa kuangaliwa. Kobe, Japani, walitumia vihisi vya sumaku-umeme vinavyofuata mahali pa mifupa kwa ukaribu sana, lakini vyuma vya chumba cha upasuaji huviharibia usomaji, na mitambo yake ni ya watafiti zaidi kuliko ya kliniki. Pittsburgh, Marekani, kundi la Volker Musahl lilibandika vibandiko vitatu upande wa nje wa goti na kuupiga video kwa kishikwambi wakati wa pivoti. Programu husoma milimita ambazo upande wa nje umeteleza. Njia hiyo ni ya bei ndogo, ila inataka mwanga mzuri, kamera iliyotulia upande wa nje, na mtu wa pili wa kuishika.

Nikitakiwa kuchagua kati ya kihisi cha mkanda na kishikwambi, kwa chumba cha upasuaji nitachukua kihisi, maana hakuna wa kushika kamera na mwili umefunikwa vitambaa. Kwa kliniki ya kawaida tofauti ni ndogo kuliko unavyoaminishwa, kwa sababu njia zote mbili zinategemea kitu kimoja: mkono unaofanya pivoti. Ukisukuma haraka, namba inapanda. Ukisukuma kwa woga, inashuka. Mgonjwa akiwa macho ni namba moja, akiwa chini ya nusukaputi ni nyingine, na kwa kawaida ya pili ni kubwa zaidi. Mkanda ukilegea kidogo, namba inapata mtikisiko ambao si wa mfupa. Ndiyo maana kundi la Pittsburgh na wenzao walitengeneza namna moja ya kufanya pivoti inayofundishwa kwa video, na walioifuata namba zao zilikaribiana zaidi.

Kutokana na hayo kuna kanuni tatu ambazo sizilegezi. Namba ya kihisi ilinganishwe na mguu wa pili wa mtu yuleyule, siku ileile, mpimaji yuleyule. Usichukue namba yako ukailinganisha na ya hospitali nyingine. Na kama kliniki yako haina mtu anayeweza pivoti kwa mikono mitupu, kihisi hakitamtengeneza. Fundisha kwanza, nunua baadaye.

Swali la tatu: arudi uwanjani?

Hapa ndipo penye hatari kubwa na ndipo penye uamuzi mbovu mwingi. Mchezaji wa miezi sita hana maumivu, goti limekauka, kocha anamtaka. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa na Grindem na wenzake mwaka 2016 ulikuta kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia goti tena kwa asilimia 51. Waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia goti tena ndani ya miaka miwili. Waliofaulu, asilimia 6 hivi. Sijui namba nyingine katika fani hii yenye uzito kama hizo mbili kwa mzazi au kocha anayekuharakisha.

Vipimo vyenyewe ni nguvu ya misuli ya mbele ya paja na kuruka kwa mguu mmoja, mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Kuruka kunapimwa kwa futi ya fundi na tepu iliyobandikwa sakafuni: ruko moja, maruko matatu mfululizo, maruko matatu ya kuvuka mstari, na kuruka mita 6 huku ukipima muda kwa saa. Gharama ni ndogo mno.

Lakini futi ina upofu wake. Watafiti wa Aspetar, hospitali ya michezo ya Doha, Qatar, wakiongozwa na Kotsifaki, walionyesha kwamba mchezaji anaweza kuruka umbali unaokaribia kabisa ule wa mguu mzima huku goti lenyewe likifanya kazi ndogo. Nyonga na kifundo cha mguu vinafidia. Anatua na mguu mgumu, goti halikunjiki sana, lakini futi inasoma sawa. Ukimtazama kwa jicho unaweza kuliona, kama kukakamaa huko ni kukubwa. Kukiwa kwa nyuzi 10 tu, jicho linapitwa.

Hapo vihisi viwili kwa mguu, kimoja pajani na kimoja kwenye muundi, vinafanya kazi ambayo futi haiwezi. Kukunja na kukunjua goti ndiyo pembe ambayo vihisi husoma vizuri: vikifungwa na kusawazishwa sawasawa, hutofautiana na kamera za maabara kwa nyuzi chache. Unaweza kumwambia mchezaji kwamba mguu huu unakunja nyuzi 60 ukitua na ule unakunja 45, ukamwonyesha kwenye skrini, akarekebisha hapohapo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu bora ya kununua vihisi.

Pembe ya goti kuingia ndani na mzunguko wa muundi ni mambo mengine. Pembe hizo ni ndogo, na kosa linaloletwa na ngozi na usawazishaji linaweza kulingana nazo kwa ukubwa. Programu itakuchorea mstari mzuri wa rangi. Usiutumie kuamua chochote. Kwa goti kuingia ndani, video ya simu kutoka mbele, picha 120 au 240 kwa sekunde, inaonyesha zaidi na unayo tayari mfukoni.

Usawazishaji nao nauwekea mkazo, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Vihisi vingi huanza kwa kumwambia mtu asimame wima sekunde chache, kisha programu inahesabu mkao huo kuwa nyuzi sifuri. Sasa mgonjwa wa ACL mara nyingi hawezi kunyoosha goti kabisa wiki za mwanzo. Akisimama na goti limekunjika nyuzi 10, programu inaandika sifuri, na kila pembe itakayofuata inapungua kwa 10. Utaona mguu haukunji vya kutosha, kumbe haunyooki. Pima kunyooka kwa mkono kabla ya kufunga kihisi chochote. Na magnetometa ikiwemo, usisawazishe karibu na kitanda cha chuma, kabati la chuma au nguzo ya zege yenye nondo. Kama programu inaruhusu kuizima, izime kwa vipimo vifupi vya ndani.

Kasi ya kusoma nayo uitazame kwenye karatasi ya kifaa. Koga na wenzake, mwaka 2010, walichambua video za ajali 10 za ACL za wanawake wa mpira wa mikono na wa kikapu, wakakadiria kwamba ligamenti ilichanika milisekunde 40 hivi baada ya mguu kugusa sakafu. Kihisi kinachosoma mara 60 kwa sekunde hupata namba mbili tu ndani ya muda huo. Kwa kutembea na kuchuchumaa kinatosha. Kwa mshtuko wa kutua unataka kinachosoma mara mia kadhaa kwa sekunde, na akselerometa ambayo haifikii kikomo chake mguu unapogonga chini.

Maabara ya kamera zenye vibandiko vinavyong'aa na sahani za sakafuni zinazopima nguvu ya mguu bado ndiyo kipimo cha kurejelea, lakini ni chache na ni ghali. Kati ya maabara na kihisi kuna OpenCap ya Chuo Kikuu cha Stanford, inayotumia video ya iPhone au iPad mbili kukokotoa mwendo wa mwili mzima, bure kwa utafiti wa kitaaluma. Kwa chuo chenye wanafunzi wa fiziotherapia na intaneti ya uhakika, ningeijaribu kabla ya kununua seti ya vihisi saba.

Na hakuna kati ya hivi vyote kinachopima nguvu ya misuli. Kihisi hakijui paja limepungua. Mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, ikifungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa kiti kizito na mgonjwa akaisukuma kwa kifundo goti likiwa nyuzi 90, inakupa kilo za mguu huu na za ule. Fanya hivyo baada ya kukubaliana na aliyempasua kuhusu wakati unaofaa. Kumbuka pia kwamba mguu mzima nao hudhoofika kwa miezi ya kukaa, kwa hiyo asilimia 90 ya mguu uliodhoofika ni kidogo. Ukiweza, pima mguu mzima wiki za mwanzo na ulinganishe na namba hiyo.

Usinunue kwa ajili ya utabiri

Vihisi vingine vinauzwa kwa ahadi ya kumtambua mchezaji atakayeumia ACL kabla hajaumia. Ahadi hiyo ina mizizi ya kweli: mwaka 2005 Hewett na wenzake walipima wasichana 205 wakiruka na kutua, 9 wakaumia baadaye, na namna walivyotua ilitofautiana na ya wenzao. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa Norway, uliochapishwa na Krosshaug na wenzake mwaka 2016 kwa wanawake zaidi ya 700 wa soka na mpira wa mikono, ulikuta ruko hilo halifai kuwachuja watakaoumia. Pesa ya utabiri ipelekeni kwenye dakika 20 za FIFA 11+, mpango wa kupasha mwili wa kuzuia majeraha, kabla ya kila mazoezi. Ni bure, na yanapunguza majeraha kweli. Zile fulana zenye kihisi mgongoni ambazo sheria za soka ziliziruhusu kwenye mechi mwaka 2015 nazo ni za mzigo wa mbio, goti hazilioni.

Nani achukue nini

Zahanati au kituo cha afya wilayani: mafunzo ya Lachman, kanuni za Ottawa, futi, tepu na mizani. Vihisi visubiri.

Timu ya ligi yenye mtu mmoja wa fiziotherapia: hayo yote, video ya simu, kisha vihisi viwili vya paja na muundi kwa ajili ya wanaorudi kutoka upasuaji. Pima kikosi kizima mwanzo wa msimu wakiwa wazima. Ukimpima mtu kwa mara ya kwanza akiwa ameshaumia, huna cha kulinganishia ila mguu wake wa pili.

Hospitali inayorekebisha ACL: hapa kihisi cha pivoti kina haki yake, kabla na baada ya kufunga ligamenti mpya, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi na mpimaji akiwa yuleyule.

Mchezaji anayelipa mwenyewe: lipia MRI kama upasuaji unajadiliwa au goti linakwama. Usinunue kihisi. Mwambie anayekuhudumia akupime nguvu na kuruka kila mwezi, na akuandikie namba zote uondoke nazo.

Na kwa yeyote anayekaribia kulipa, haya muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa: kinasoma mara ngapi kwa sekunde? Naweza kutoa namba ghafi, au naonyeshwa rangi ya kijani na nyekundu tu? Kinafanya kazi bila intaneti? Taarifa za wagonjwa wangu zinahifadhiwa nchi gani, na naweza kuzifuta? Leseni ya programu inalipwa mara moja au kila mwaka, na nikiacha kulipa kihisi kinaendelea kuwaka? Mikanda na betri nazipata hapa, au naagiza nje? Muuzaji akikwama kwenye leseni na mikanda, subiri, maana hivyo ndivyo vitakavyokifanya kifaa kilale kabatini kabla ya msimu wa pili.